Mgonjwa Sana, Anakula

Mpaka leo sijui niseme Karani alikuwa mwongo au nisemeje. Nimekaa naye baraza moja karibu umri wangu wote wa ufundi. Nimemshonea sketi, magauni ya kwaya na mapazia, na vipimo vyake navijua bila tepu. Lakini ukiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, asubuhi nitakujibu hivi na jioni nitakujibu vile. Fundi hapendi kitambaa kisicholala vizuri mezani, na habari za Karani hazijawahi kulala.

Alikuwa karani wa posta ndogo ya mtaa wetu, huku ufukweni, nje kidogo ya Musoma mjini. Jina alikuwa nalo, ila hakuna aliyelitumia. Hata mumewe, enzi za uhai wake, alimwita Karani, tena akiwa ameudhika.

Posta ile ilifungwa simu za mkononi zilipoingia na watu wakaacha kuandikiana. Kazi zikahamia mjini, Karani akastaafishwa, mlango ukatiwa kufuli. Baraza halikutiwa kufuli. Mimi nikahamishia pale cherehani yangu, upande wenye kivuli cha asubuhi, na Karani akaendelea kuja kila siku kama mtu ambaye hajaambiwa. Anakuja na kigoda chake, anafagia, anafuta vumbi kwenye tundu la kutumbukizia barua, halafu anakaa anatazama ziwa. Mwanzoni nilidhani atachoka baada ya wiki. Nilimhesabia vibaya.

Jengo lenyewe halikuwa la kumtoa mtu kwao kuja kulitazama. Matofali ya kuchoma, bati lililoshika kutu, milango iliyokuwa ya kijani. Ndani, ukichungulia dirishani, uliona ukuta wa masanduku ya barua, vile vilango vidogo vya chuma vyenye namba, vingi vimeachama. Zamani sanduku moja lilikuwa la shule nzima, jingine la parokia nzima, na mtu wa Bweri aliyekuwa na mtoto Dar es Salaam alikwenda kuulizia barua yake kwa padri. Mwaka ziwa lilipojaa, maji yalifika mpaka kwenye ngazi, na asubuhi moja tukamkuta samaki kamongo amelala chini ya tundu la barua. Karani akasema huyo amekuja kufuata barua yake, na akaninyima ruhusa ya kumpiga, akamrudisha majini kwa ufagio. Wateja wangu wawili waliokuwa na hamu ya mchuzi hawakufurahi.

Ilikuwa posta imekufa, lakini kwake haikufa. Wateja wangu aliwapanga foleni. Ukija kuchukua suruali yako ukamkuta mama mmoja amesimama, Karani alikuonyesha kwa kidole pa kusimama, hata kama mama yule alikuwa amepumzika tu. Diwani mmoja aliwahi kupita mbele, na Karani akamtazama mpaka akarudi nyuma mwenyewe huku akichekacheka. Akisema jambo analoliamini, alishusha ngumi yake mezani, pu, kama anapiga muhuri. Meza ya kukatia nguo ni yangu, na vipande vya chaki vilirukaruka kila alipohakikisha jambo. Na akikasirika, alizungumza kama telegramu, maneno machache yasiyo na viungo. "Fundi. Redio. Punguza." Nilipunguza.

Hapo kwenye telegramu ndipo tatizo langu lote linapoanzia, kwa hiyo naomba nieleze kwa wale waliozaliwa juzi. Huku kwetu, enzi hizo, hakuna mtu aliyemtumia ndugu yake telegramu ya kusema fulani amekufa. Huwezi kumpiga mtu na habari kama hiyo akiwa ugenini peke yake, akaanguka barabarani. Uliandika: BABA MGONJWA SANA NJOO. Aliyeipokea alijua. Aliomba ruhusa kazini, akanunua sanda, akalia kidogo kidogo njiani, na akifika nyumbani akakuta watu wamejaa uani. Hakuna aliyedanganywa na hakuna aliyeambiwa. Karani ndiye aliyezipiga hizo telegramu, na watu walipokwama dirishani wakilia, yeye ndiye aliyewatungia.

Sasa ikatokea kwamba mzee mmoja wa Butiama aliumwa kweli. Aliumwa tu, kama watu wanavyoumwa. Mwanawe akaja posta, akasema baba ni mgonjwa sana, kaka yake aliyeko Mwanza aje. Karani akapiga: BABA MGONJWA SANA NJOO. Kaka akaja na jeneza juu ya gari, ameongozana na shangazi wawili wanaolia tangu Bunda. Wakamkuta mzee amekaa nje anakula ugali kwa visamaki vya furu. Wanasema mzee alinawa mikono, akalizunguka jeneza, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akauliza kama ni mninga. Kisha akaagiza liwekwe ndani, litatumika. Kwa miaka mingi waliliwekea mtama.

Baada ya hapo Karani akawa anamuuliza kila mteja, "Mgonjwa mgonjwa, au mgonjwa wa telegramu?" Kama ni mgonjwa mgonjwa, aliongeza neno moja la kwake: ANAKULA. MAMA MGONJWA SANA ANAKULA NJOO. Watu walinung'unika kwa kuwa telegramu ililipiwa kwa neno, lakini likazoeleka. Wazee wa upande huu wote, ukiwaambia fulani ni mgonjwa, wanakuuliza kwanza kama anakula.

Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka yote hawezi kutoka salama. Karani hakuweza kukupa jambo baya likiwa uchi. Nikimwonyesha gauni nililoharibu, alisema kitambaa ni kizuri. Mume wa jirani alipotoroka na mwanamke wa Tarime, Karani alimwambia mkewe kwamba safari za siku hizi zinachelewa. Lakini mtu huyo huyo, muuza dagaa akimwibia kwenye kopo, aliliinua kopo juu barazani na kuwaonyesha watu wote jinsi kitako kilivyobonyezwa. Nilimwambia, Karani, wewe uongo unauchukia au unaupenda? Akasema kitambaa changu kinaburuzika chini, nikiokote.

Nami aliniambia historia ya jengo. Ilikuwa siku mbaya kwangu, cherehani imevunjika mkono na wateja wamenikimbia, nikasema naondoka, nakwenda kulima. Karani akasema siwezi kuondoka, kwa sababu posta ile ilijengwa na fundi mwashi Mwislamu aliyekuja kutoka pwani, na ndugu yake alikuwa mshonaji, na huyo mshonaji ndiye aliyekaa hapo hapo nilipokaa mimi akishona mifuko ya kubebea barua. "Pale pana mtu wenu," akasema. Pu, ngumi mezani. Mimi ni mtoto wa Kiislamu wa mjini, baba kutoka huku, mama kutoka kule, na sikuwa nimewahi kuambiwa kwamba mahali popote pana mtu wetu. Nikabaki. Nikatengeneza cherehani. Kila nilipokanyaga pedali nilimkumbuka yule mshonaji, na mara nyingine nikamwombea.

Kisha ukuta wa upande wa ziwa ukapasuka, ufa wa kuingiza kiganja. Akaja kijana wa ofisi ya halmashauri, mpole, mwenye miwani, sina la kumlaumu. Akasema jengo ni hatari. Litabomolewa, isipokuwa kama lina historia inayoeleweka, hapo ataweza kuliombea likarabatiwe. Akataka mtaa ukutane, watu waseme wanachokijua, na yeye aandike.

Karani siku ile hakukaa kwenye kigoda. Alisimama akishika nguzo ya baraza.

"Fundi," akaniambia, "hii ikiondoka, mimi asubuhi nitakuwa naamkiaga wapi?"

Nikamwambia asiogope. Nina historia, nikasema, tena ninayo kutoka kwako mwenyewe. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, na nimeielewa baadaye, nusu.

Tulikutana pale pale barazani. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, hata wa Mugango walikuja, na hilo lilipaswa kunishtua lakini nikaona ni heshima. Nikaomba kuanza. Nikasimama na kanzu yangu ya Ijumaa, nikaeleza habari ya mwashi kutoka pwani na nduguye mshonaji. Nilieleza vizuri. Kijana akaandika yote, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Akasimama mzee mvuvi wa Mugango. Akasema anamheshimu fundi, ila msingi wa jengo hili ni mawe ya kwao, yaliletwa kwa mitumbwi na babu yake na wenzake, na ndio waliojenga, kwa sababu walikuwa na vijana wao vitani na walitaka barua. Wajukuu zake walikuwa nyuma yake wameketi wamenyooka. Nikadhani mzee amechanganya na jengo jingine.

Akasimama mwenyekiti wa kwaya, muuza sangara, mwanamke asiyebishana ovyo. Akasema hili lilikuwa kanisa kwanza, la akina mama, walifyatua matofali wenyewe upepo ulipoezua lile la zamani, na posta ikaja kupanga baadaye. Nikaanza kuhisi joto shingoni. Mstaafu mmoja wa mgodi kutoka Kiabakari akasema yeye anajua lilijengwa la kuhifadhia dhahabu, ndiyo maana kuta ni nene. Na kila mmoja alimaliza kwa maneno yale yale niliyomalizia mimi: Karani mwenyewe aliniambia.

Sijui kama nimewahi kuchanganyikiwa vile. Tulitazamana kama watu waliogundua kwamba wameposa binti mmoja. Halafu sote tukamgeukia yeye.

Kijana akavua miwani. Akasema kwa upole, "Mama, hapa ipi ni ya kweli? Nipe moja tu, nitaenda nayo."

Hilo ndilo lililonikaa rohoni mpaka leo, kwamba alihitaji kutaja moja tu. Yoyote. Angetaja ya Mugango, jengo lingepona, na asubuhi zake zingepona. Karani akamtazama mzee mvuvi na wajukuu zake. Akamtazama mwenyekiti wa kwaya. Akanitazama mimi na kanzu yangu. Ngumi ikapanda, ikakaa hewani.

"Zote," akasema.

Ngumi ikashuka taratibu mezani bila mlio. Kijana akafunga kalamu yake. Alisema atajaribu, na kwa sauti yake kila mtu alijua.

Nilimkasirikia. Niligeuza cherehani nikampa mgongo, na tulikaa hivyo siku nyingi, mimi nikitazama ukuta uliopasuka, yeye akitazama ziwa. Mwisho nikashindwa. Nikamuuliza kwa nini hakutaja moja.

"Ungetaka nimwambie yule mzee babu yake hakubebaga kitu? Mbele ya wajukuu?"

"Na mimi je?"

"Na wewe pia," akasema, akaokota uzi uliodondoka chini ya meza yangu.

Nimeligeuza jibu hilo ndani na nje na bado sioni mshono wake uko wapi. Na mimi pia nini? Nilihurumiwa au niliambiwa ukweli?

Miguu yake ilianza kuvimba msimu ule wa mvua, na binti yake, anayeuza mitumba Bunda, akaja kumchukua. Karani aliniachia kigoda. Alisema anakwenda kwa wiki mbili hivi, na mimi nikamwambia ndiyo, wiki mbili, maana na mimi nilishaanza kuambukizwa. Miezi ikapita. Kisha asubuhi moja likaja tingatinga, na kabla ya adhuhuri posta ilikuwa lundo. Matofali yalikuwa matofali tu. Niliyageuza mengi nikitafuta sijui nini, chapa ya mwashi labda, au jiwe la Mugango. Zilibaki ngazi, kwa kuwa zilikuwa zimeshikana na ardhi. Nikafunga turubai juu yake nikaweka cherehani.

Siku mbili baadaye, simu yangu ikalia. Ujumbe kutoka kwa binti: Mama mgonjwa sana njoo.

Nikausoma, nikausoma tena. Palikuwa na neno anakula? Hapakuwa. Nikapiga, simu imezimwa. Sasa fikiria hali yangu. Kwa mgonjwa unapeleka matunda. Kwa msiba unapeleka kingine. Nilisimama dukani kwangu chini ya turubai kama mwendawazimu, mkono mmoja machungwa, mkono mwingine kitambaa cheupe cha bafta nilichokikata kwa urefu ninaoujua bila tepu. Nikaweka vyote kwenye mfuko. Bafta chini, machungwa juu. Njia nzima mpaka Bunda niliukumbatia mfuko ule, na nililia kidogo kidogo, kama inavyotakiwa, bila kujua nalilia nini.

Uani kwa binti hapakuwa na watu wamejaa. Palikuwa na kuku, na Karani kwenye mkeka, ameegemea ukuta, amekwisha mwili, ameshika bakuli la uji wa ulezi kwa mikono miwili. Binti alinipokea, shikamoo baba, akaninong'oneza mlangoni kwamba figo zimechoka na daktari hajasema mengi. Nikakaa.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Umewahi."

Nikamuuliza, kwa ukali maana nilikuwa nimeogopa, kwa nini ujumbe haukuwa na neno la anakula. Alisema ndiye aliyeutunga mwenyewe. "Ningeweka anakula ungekuja lini? Ungemalizaga kwanza sare za shule." Nilikuwa na sare za shule, kweli. Akavuta mfuko wangu atafute matunda. Akatoa chungwa, akatoa la pili, mkono ukazama zaidi, ukatoka na ncha ya bafta. Akaipapasa kati ya vidole kama mtu anayejua kitambaa.

"Hii ya nani?"

"Ya mteja," nikasema.

"Mteja mwenyewe mrefu kiasi gani?"

Nikaanza kumenya chungwa. Akacheka mpaka akakohoa, na binti akaja mbio. Alipotulia akaikunja bafta vizuri, akaiweka chini ya mto. Akasema iache, itatumika. Kisha akanitazama, na nikajua linakuja swali nililokuwa nikiliogopa.

"Posta hali yake?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikainamisha kichwa, nikasema kwa sauti ile tuliyofundishwa, "Posta ni mgonjwa sana, Karani."

Aliweka bakuli chini.

"Fundi. Mimi usinipigie telegramu. Nimezipigaga nyingi. Niambie kwa mdomo."

"Imebomolewa," nikasema. "Juzi. Zimebaki ngazi."

Alilia. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akilia, na sikujua niangalie wapi, nikaangalia kuku. Alijifuta kwa ncha ya khanga, akasema asante, na nadhani ilikuwa asante ya kweli. Basi nami nikaona siku ya kusema kwa mdomo imefika, nikamuuliza mara ya mwisho ni nani aliyeijenga.

"Niliikutaga imejengwa," akasema. "Siku ya kwanza kazini nilikuwa msichana, naogopa, nataka kurudi nyumbani. Nikamuuliza yule karani niliyemkuta, hii imejengwa na nani? Akasema, na watu wa kwenu. Akataja mpaka ukoo. Nikabaki."

"Na ilikuwa kweli?"

Ngumi yake ikapanda kidogo juu ya mkeka, ikafunguka, ikawa kiganja.

"Sijui, fundi."

Nililala Bunda, asubuhi nikarudi. Karani nilimwacha anakunywa uji, akinilalamikia kwamba machungwa yana uchachu. Pale kwenye ngazi nikawakuta wananisubiri: mwenyekiti wa kwaya na beseni lake la sangara, mzee wa Mugango, na wengine wa mtaa. Hawakukaa. Mzee akaniuliza Karani hali yake.

Nikaapa moyoni kwamba mimi leo nasema kwa mdomo, ukweli mtupu, kama alivyotaka yeye.

"Ni mgonjwa sana," nikasema.

Mwenyekiti wa kwaya akatua beseni. Akakaa kwenye ngazi ya chini, akajifunika khanga usoni, na bega likaanza kutikisika. Mzee akavua kofia.

"Hapana," nikasema, "sikilizeni. Anakula. Nimemwacha anakula, kwa macho yangu, anakunywa uji, ananigombeza."

Walinitazama kwa huruma ambayo sitaisahau. Mzee wa Mugango akanishika mkono, akaukalisha kati ya viganja vyake viwili.

"Pole, fundi," akasema. "Tumeelewa."